Usinyonye Mpira kwa Mdomo: Namna Salama ya Kuhamisha Maziwa na Sharubati



Ndugu msomaji, katika walima na futari za pamoja sharubati hutengenezwa kwenye pipa la lita 200, kisha ikatakiwa kwenye madumu na majagi. Pipa hilo haliinuliki. Basi huletwa mpira, ncha moja ikazamishwa, na kijana mmoja akanyonya ncha ya pili mpaka kinywaji kimfike mdomoni, ndipo akauelekeza mpira kwenye ndoo. Maziwa na mafuta ya kula nayo huhamishwa hivyo hivyo.

Mate ya binadamu si najisi, hilo tumelisoma chuoni. Lakini kitu chaweza kuwa twahara na bado kikakudhuru. Puani na kooni mwa watu wengi wenye afya zao huishi vijidudu viitwavyo stafilokokasi. Vikiingia kwenye maziwa yanayokaa kwenye joto saa kadhaa, huzaliana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Utaviua vijidudu, sumu ibaki. Anayekunywa hutapika na kusokotwa na tumbo, aghalabu kati ya nusu saa na saa 8 baadaye, na watoto wadogo na wazee huweza kuishiwa maji mwilini upesi. Ukali wa ukwaju huvipunguzia nguvu vijidudu hivi, ila baadhi ya virusi vya kuharisha na kutapika huuvumilia.

Mtume (S.A.W.) alikataza kupumulia ndani ya chombo cha kunywea, na alikataza kunywa kwenye mdomo wa kiriba. Kunyonya mpira uliozama katika kinywaji cha watu mia mbili, mimi sioni kama kuna tofauti kubwa.

Viwanda vya maziwa na juisi hutumia pampu inayojivutia yenyewe. Pampu nyingi za kawaida za feni haziwezi kuvuta hewa: mpira wake ukiwa mtupu, feni huzunguka bure mpaka mtu aujaze kimiminika. Hii nyingine imeundwa ili kiasi cha kimiminika kibaki ndani ya tumbo lake kila inapozimwa. Ikiwashwa, feni huchanganya kimiminika hicho na hewa ya mpirani, hewa hutokea juu, kimiminika hurudi chini kuchukua hewa nyingine. Hewa ikipungua mpirani, uzito wa hewa ya nje hukisukuma kinywaji kipande chenyewe. Hakuna mdomo wala mkono unaohitajika. Ila kiungo kikilegea upande wa kuvuta, pampu itavuta hewa na vumbi badala ya kinywaji.

Sasa zingatia hapa, maana ndipo wengi hudanganyika. Kile kinachobaki tumboni ndicho kinachoifanya pampu ifanye kazi, na ndicho hicho hicho kinachooza. Maziwa ya jana yaliyolala ndani ya pampu ni mabaya kuliko mdomo wa kijana wetu! Kila baada ya kazi ni lazima imwagwe yote kupitia kizibo cha chini, isuuzwe kwa maji ya uvuguvugu, ioshwe kwa maji ya moto na sabuni, isuuzwe tena, iachwe wazi ikauke. Kesho yake hujazwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa, na kinywaji cha kwanza kinachotoka, kilichochanganyika na maji hayo, humwagwa.

Ukienda kununua, usichukue pampu ya kisima. Nyingi zina sehemu za shaba au chuma cha kawaida, na ukwaju au ndimu hula shaba. Shaba ikizidi kwenye kinywaji huleta kichefuchefu na kutapika. Tafuta ya chuma kisichoshika kutu, inayofunguka ukaona ndani, na mpira uliotengenezwa kwa ajili ya chakula. Mpira uliowahi kupitisha mafuta ya taa usirudi jikoni kamwe.

Kwa familia nyingi pampu hiyo ni ghali, na kusema kweli haina haja. Pipa lenye bomba chini, likiwekwa juu ya meza imara kabla ya kujazwa, linatosha. Kama huna bomba, jaza mpira wote maji yaliyochemshwa yakapoa, ziba ncha zote mbili kwa vidole vilivyonawa kwa sabuni, zamisha moja kwenye pipa, ya pili ishushe chini kuliko pipa kisha iachie. Kinywaji kitafuata chenyewe. Mwaga yale maji ya mwanzo.

Mpira ukishaoshwa, pitisha ndani yake maji lita 4 yaliyotiwa kijiko kikubwa kimoja cha klorini ya kufulia isiyo na manukato, usuuze kwa maji safi, uutundike kivulini ncha zote zikielekea chini.