Je, Wajua? Wimbo wa Taifa Ulianzia Kanisani

Je, wajua kwamba wimbo wa taifa tunaouimba mstarini shuleni ulitungwa kama sala ya kanisani? Mtunzi ni Enoch Mankayi Sontonga, Mxhosa aliyefundisha katika shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg. Aliutunga mwaka 1897, mwaka mmoja kabla Wabenediktini hawajafungua misheni ya Peramiho, hapa jirani na Songea.

Wajua kwamba aliandika ubeti mmoja na kiitikio tu? Beti saba zaidi ziliongezwa na mshairi S. E. K. Mqhayi mwaka 1927. Humo wanaombewa machifu, vijana, akina mama na wachungaji, hata mashamba na mifugo. Maneno yetu ya Kiswahili nayo yanawaombea viongozi baraka, na kwangu hiyo ndiyo sala nzito kuliko zote zilizomo.

Je, wajua kwamba Sontonga aliuandika kwa solfa, kama walimu wengi wa kwaya hapa Songea hadi leo? Mwanakwaya anaujua utaratibu: herufi za do, re, mi zinaandikwa ubaoni, kila sauti inafundishwa peke yake, ya nne inarudiwa mpaka ikae, ndipo maneno yanaingia.

Wajua kwamba wimbo huu una undugu na Ungoni? Kixhosa ni lugha ya jamii ya Kinguni, na mababu wa Wangoni walitoka kusini huko huko. Wakiongozwa na Zwangendaba walivuka mto Zambezi Novemba 1835, siku jua lilipopatwa, na baada ya kifo chake baadhi ya makundi yakafika Songea. Kwa hiyo jina la kwanza la wimbo, Nkosi Sikelel' iAfrika, si geni masikioni mwa mzee wa Kingoni. Mtawala wao waliyemfuata katika Vita vya Maji Maji aliitwa Nkosi Mputa Gama, na Wajerumani walimnyonga hapa Songea Februari 27, 1906, pamoja na wenzake wengi. Sontonga hakuishi kuzisikia habari hizo. Alifariki Aprili 18, 1905, miezi michache kabla vita havijawaka, akiwa kijana wa miaka thelathini na kitu.

Wajua kwamba mwandishi wa Afrika Kusini, Sol Plaatje, aliurekodi wimbo huu London mwaka 1923, miaka 38 kabla ya uhuru wetu?

Na je, wajua ni nchi ngapi zimeusimamia wima? Tanganyika iliuchukua mwaka 1961. Zambia ilichukua tuni hiyo hiyo mwaka 1964 ikaitungia maneno mengine, Zimbabwe iliutumia kuanzia 1980 hadi 1994, na Afrika Kusini, ambako wimbo ulizaliwa, iliufanya wa taifa mwaka 1994 tu. Wakimbizi wake waliokuwa Mazimbu, Morogoro, walikuwa wameuimba uhamishoni kwa miaka mingi.

Wajua kwamba kaburi la Sontonga lilipotea kwa miongo mingi? Watafiti walilitafuta kwa jina la ukoo katika daftari za makaburi ya Braamfontein, Johannesburg, kumbe makarani walikuwa wamemwandika "Enoch". Septemba 24, 1996, kaburi hilo lilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa, na Rais Nelson Mandela mwenyewe akazindua mnara wake.