Hoteli ya nyumba kongwe ni mteja wa saizi ya mkulima mdogo

WATALII wengi wanaofika Unguja hupitiliza moja kwa moja hadi ufukweni, Nungwi, Kiwengwa au Paje, ambako hoteli moja inaweza kuwa na vyumba zaidi ya mia moja. Wapo wengine, wachache, wanaotaka kulala mjini, ndani ya Mji Mkongwe, katika nyumba yenye historia yake. Wachache hao hawazungumzwi sana pale masoko ya mazao ya kilimo yanapojadiliwa. Hilo ni kosa la hesabu.

Mfano wa hoteli wanazozitafuta ni Emerson on Hurumzi, katika mtaa wa Hurumzi, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Forodhani. Nyumba hiyo inahusishwa na Tharia Topan, tajiri wa asili ya Kihindi aliyeshika ushuru wa forodha wakati wa Sultani Barghash na kukopesha misafara ya pembe za ndovu iliyokwenda bara, ukiwamo wa Tippu Tip. Jina la mtaa wenyewe huelezwa kuwa limetokana na neno huru, kwa kumbukumbu ya watumwa walioachiwa baada ya amri ya mwaka 1897. Mmarekani Emerson Skeen alifika Zanzibar mwaka 1989, akaanza kukarabati nyumba za aina hiyo na kuzigeuza hoteli. Alifariki mwaka 2014, na jina lake limebaki pia kwenye hoteli nyingine ndogo, Emerson Spice, iliyopo Kiponda.

Anayelala hapo hupata nini? Kwanza hupata tabu kidogo. Gari haliingii kwenye vichochoro, hivyo mizigo humaliziwa kwa mkono au kwa mkokoteni. Ngazi ni kali na lifti hakuna. Vyumba havifanani: kimoja kina vioo vya rangi, kingine kina beseni la kuogea la mawe, na vitanda ni vile virefu vya Kizanzibari vyenye nguzo nne na chandarua. Vyumba vingi vya nyumba za Mji Mkongwe ni vyembamba na virefu, na sababu si urembo bali boriti. Dari hubebwa na miti ya mikoko, na urefu wa mti ndio ulioamua upana wa chumba, kiasi cha mita 3 hivi.

Alfajiri mgeni huamshwa na adhana, na katika mtaa huohuo lipo hekalu la Kihindu lenye kengele zake. Mtu aliyezoea hoteli za kisasa angelalamika. Huyu amesafiri kuja kuisikia.

Jioni ndiyo saa yenyewe. Wageni hupanda hadi darini, huvua viatu, hukaa chini kwenye mito na mazulia, wakaangalia jua likizama baharini nyuma ya mabati yaliyopata kutu na minara ya misikiti. Chakula hufuata bila haraka, samaki, pweza, wali wa viungo, na baadhi ya siku huwapo taarabu. Nafasi ni chache, kwa hiyo huwekwa mapema. Mtu aliyekula hapo akirudi kwao, darini ndiko anakoanzia kusimulia.

Kwa macho ya mchumi, hoteli ya namna hii ina upungufu wenye manufaa. Haina ufukwe na haina bustani kubwa. Haiwezi kushindana kwa ukubwa, basi inashindana kwa ladha, harufu na masimulizi, na vitu hivyo vitatu karibu vyote vinatoka kwa jirani: kwa mvuvi, fundi seremala, mshona mito, mpiga qanuni, na mkulima wa Kizimbani, Kindichi au Dole mwenye mdalasini, hiliki, manjano na mchaichai nyuma ya nyumba. (Karafuu ina utaratibu wake, kwa miaka mingi mnunuzi wake kisheria amekuwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC. Viungo vingine mkulima anajitafutia soko.)

Tuchukue mayai, kwa sababu ni rahisi kuhesabu. Hoteli ya vyumba 200, ikijaa watu wawili wawili na kila mmoja akila mayai 2 asubuhi, inahitaji mayai 800 kwa siku, yaani takribani trei 27 kila siku ya Mungu. Mfugaji mwenye kuku 100 hawezi hata kuanza mazungumzo, na mnunuzi wa hoteli hiyo humwendea mzabuni mkubwa, mara nyingi mwenye mzigo wa kutoka Bara. Hoteli ya vyumba 10 kwa hesabu hiyohiyo inataka mayai 40 kwa siku, au 280 kwa wiki. Hizo ni trei 9 na mayai 10. Mfugaji mmoja mwenye banda zuri anazimudu, na wawili wakishirikiana wanazimudu hata kuku wa mmoja wakiugua.

Mboga ni vivyo hivyo. Sehemu kubwa ya mboga zinazoliwa na watalii Zanzibar huvushwa kutoka Bara. Zikishuka bandarini zimekwisha kunyauka kiasi, na mpishi wa hoteli kubwa huvumilia kwa sababu anapika kwa wingi. Mpishi wa nyumba ndogo, ambaye orodha ya chakula chake huweza kubadilika kila siku, anataka fungu la kotimiri lililokatwa asubuhi hiyo, ndimu zenye maji, na maembe yanayolingana kuiva. Anataka kidogo, tena kila siku. Mwenye robo eka na baiskeli, akiwa Bububu au Mwera, ana faida ya masafa ambayo hakuna meli itakayomnyang'anya.

Hata hivyo, wauzaji wengi huishia Soko la Darajani kwa sababu pale hulipwa papo hapo na hakuna anayewauliza maswali. Hoteli huuliza. Inataka mzigo upimwe kwa kilo, si kwa fungu wala ndoo. Inataka saa ile ile, kwa kuwa samaki wa saa nane mchana si samaki wa chakula cha jioni tena. Inataka ankara yenye tarehe. Na inataka kuambiwa mapema kama leo pilipili manga haipo. Mkulima akinyamaza, mpishi huishia kwenda Darajani mwenyewe, na kesho yake anaweza asipige simu.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalitozi bei, nalo ni asili ya mzigo. Mgeni wa darini akiambiwa kwamba hiliki iliyomo kwenye chai yake imetoka Kindichi, huuliza shamba liko wapi na wakati mwingine hutaka kulitembelea. Mkulima anayefunga viungo vyake katika pakiti safi yenye jina la kijiji na mwaka wa mavuno anaweza kuuza jikoni kwa kilo, na kwa mgeni huyohuyo akauza kwa gramu. Tofauti ya bei kati ya mauzo hayo mawili ndiyo inayochukuliwa leo na maduka ya zawadi.

Hatari nayo ipo. Soko hili dogo limekaa ndani ya nyumba zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Paa likivuja, maji hushuka ndani ya ukuta, boriti huoza, na anayeziba ufa kwa saruji huufungia unyevu ndani. Desemba 25, 2020 sehemu ya Beit el Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka na kuua watu wawili. Nyumba ya kawaida ya mtaani ikianguka haiandikwi hivyo, lakini ikiwa ilikuwa hoteli, trei 9 za wiki huondoka nayo.

Kwa sababu hiyo mwenye hoteli hana budi kutumia fedha kwenye chokaa iliyolowekwa muda mrefu, boriti zilizokatwa kwa kibali na mafundi wanaojua kazi ya zamani, ambao si wengi. Kwa kawaida kazi hiyo hupangwa wakati wageni wamepungua, kuelekea masika ya Aprili na Mei. Ndicho kipindi ambacho kuku wanaendelea kutaga na mnunuzi anapunguza oda kwa nusu au zaidi. Makubaliano ya maandishi yanayotaja kiwango cha chini cha kununua katika miezi hiyo, hata trei 3 tu, ni bora kuliko ahadi nzuri ya Agosti. Na mwenye mali kauli inayodaiwa tangu Februari aifuatilie kabla mafundi hawajapanda juu ya paa.