Korona ilipofunga mahakama, haki ya mfanyakazi ilikwenda wapi?

Mwezi huu tunajibu swali ambalo limetufikia mara nyingi, hasa kutoka kwa kina baba na vijana waliokuwa na kazi Mocímboa da Praia na Palma: mwaka 2020 bosi aliposema "kuna korona, nendeni nyumbani mtaitwa", je, ile kazi iliisha? Na mshahara? Na aliyekuwa na kesi, kesi yake ililala wapi?

Kwetu sisi mambo yalikuja kwa pamoja, ndiyo maana watu wanachanganya. Mgonjwa wa kwanza wa korona Msumbiji alitangazwa tarehe 22 Machi 2020. Kesho yake, tarehe 23, Mocímboa ikavamiwa. Agosti mwaka ule mji ukachukuliwa kabisa, na watu wa njia panda yetu hii wakatawanyika, wengine Mueda, wengine Pemba na Metuge. Mpaka majeshi ya Msumbiji na Rwanda yanaurudisha mji Agosti 2021, wengi hatukuwa hata na karatasi moja mkononi. Basi tuyatenganishe mambo moja moja.

Serikali ilisema nini?

Hali ya dharura ilianza tarehe 1 Aprili 2020, na tarehe 7 Septemba ikabadilishwa kuwa hali ya maafa ya umma. Ofisi na makampuni yaliambiwa yabaki na theluthi moja tu ya watu kazini, wakipokezana kila siku 15. Vitambulisho vilivyoisha muda viliendelea kukubaliwa mpaka tarehe 30 Juni. Na mahakamani, muda wa kesi ulisimamishwa. Hapo ndipo wengi walisikia vibaya. Kusimamisha muda si kufuta kesi. Ni kama saa iliyozuiwa: ikiachiwa, inaendelea kuhesabu pale ilipokomea. Aliyekuwa na kesi alitakiwa arudi kuifuata milango ilipofunguliwa.

Magereza nayo yalikuwa yamejaa, na ugonjwa ukiingia mle ni hatari kwa wote. Kwa hiyo ikatoka sheria ya msamaha ya tarehe 6 Aprili 2020, na wafungwa zaidi ya 5,000 wa makosa madogo wakatoka.

Jambo jingine, ndugu zetu, mlishike vizuri. Katiba ya Msumbiji inasema hata wakati wa dharura kuna haki ambazo hakuna anayeweza kuzigusa: uhai, usalama wa mwili, haki ya mshtakiwa kujitetea, na uhuru wa dini. Barakoa unaweza kulazimishwa kuvaa. Kupigwa kwa sababu hukuivaa, hapana. Kenya walibishana hilo mahakamani katikati ya ugonjwa wenyewe. Tarehe 16 Aprili 2020 Jaji Weldon Korir aliamua kwamba amri ya kutotoka nje usiku ilikuwa halali, lakini nguvu ambayo polisi waliitumia kwa watu ilivunja katiba. Kumbe hata mahakama zikipunguza kazi, sheria bado ina mdomo.

Na mwajiri?

Sheria ya kazi iliyotumika wakati ule ni ile ya 2007. Nayo ilitenganisha kusimamishwa na kuachishwa.

Kusimamishwa: mwajiri akipatwa na jambo lililomzidi nguvu, anaweza kusimamisha mkataba kwa muda. Lakini alitakiwa akuandikie barua, aseme sababu, siku ya kuanza na muda anaotegemea, na nakala aipeleke kwenye wizara ya kazi. Na alitakiwa alipe: mwezi wa kwanza asilimia 75 ya mshahara, wa pili 50, wa tatu 25, bila kushuka chini ya kima cha chini. Yaani mwenye mshahara wa meticais 20,000 alistahili 15,000, halafu 10,000, halafu 5,000, na kama kima cha chini kilizidi hapo, alipwe kima hicho. Ile "nendeni nyumbani mtaitwa", bila barua wala senti, sheria haikuijua.

Kuachishwa: kampuni ikishindwa kabisa kuendelea, ilitakiwa itoe taarifa ya siku 30 na fidia. Kwa wenye mishahara midogo fidia ilikuwa mshahara wa siku 30 kwa kila mwaka waliofanya kazi.

"Lakini mimi sikuwa na mkataba wa maandishi!" Tunawasikia. Sheria hiyohiyo ilisema kukosa karatasi hakuondoi haki ya mfanyakazi, na kosa la kutoandika linahesabiwa kuwa la mwajiri. Kwa hiyo mashahidi mliofanya nao kazi wana thamani kubwa.

Tusidanganyane

Madai ya kazi yalikuwa na mwisho wake: miezi sita tangu mkataba ulipokwisha. Wengi tulikuwa njiani na watoto mgongoni miezi hiyo ilipopita. Hatutaki kumpa mtu tumaini la bure kwamba mshahara wa 2020 utarudi. Ila mtu asijihukumu mwenyewe. Kama mkataba ulisimamishwa tu na haukuvunjwa, au kesi ilikuwa imeshafunguliwa, hesabu inaweza kuwa nyingine. Muulize anayejua sheria.

Wa kuulizwa ni IPAJ, ofisi ya serikali inayotoa msaada wa sheria bure kwa wasio na uwezo. Kwa mambo ya kazi kuna pia vituo vya usuluhishi wa kazi. Kwa ugomvi mdogo wa nyumbani na mtaani, zipo mahakama za jamii, zinazotambuliwa na sheria tangu 1992.

Na kwa kesho? Sheria mpya ya kazi inatumika tangu Februari 2024, kwa hiyo ulizeni ya sasa, msitegemee hesabu za zamani tulizoandika hapa. Kipindupindu kipo, vimbunga vipo, na siku moja bosi atasema tena "nendeni nyumbani". Siku hiyo omba barua. Akikataa, andika kwenye daftari tarehe, jina la aliyesema na waliokuwepo. Karatasi zote, hata kipande cha malipo, zifunge kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi za watoto, mahali ambapo hata mama akiamka usiku anazifikia. Halafu usingoje miezi sita iishe. Nenda kaulize wiki ileile.