Kuona Tena Baada ya Upasuaji wa Retina

Retina ni utando mwembamba ulio nyuma ya jicho, unaopokea mwanga. Ikibanduka, daktari huirudisha mahali pake, mara nyingi kwa kuibana kwa kiputo cha gesi. Mwanzoni mgonjwa huona ukungu. Kiputo kinapopungua, huona mstari unaotikisika kama maji ndani ya glasi, ukishuka siku hadi siku. Gesi huisha baada ya wiki 2 hadi 8, na uoni huendelea kuimarika kwa miezi kadhaa. Kabla haijaisha, ni marufuku kupanda ndege, kwani gesi hutanuka na kuumiza jicho. Kitovu cha retina kikiwa hakijabanduka, matumaini ya kuona vizuri ni makubwa. Mkazi wa Wazo, Dar es Salaam, anayeona ghafla vimulimuli au pazia jeusi, dalili za retina kubanduka, awahi hospitali ya CCBRT Msasani au Muhimbili siku hiyohiyo.