Plagini Kubwa, Plagini Balaa

Anayefungua tovuti kwa WordPress hukuta hazina ya plagini (programu ndogo za nyongeza) za bure zinazohesabiwa kwa makumi ya maelfu. Nani ana muda wa kuzipima zote? Wengi hutazama idadi ya tovuti zinazoitumia, wakabeba inayoongoza, wakaendelea na shughuli zao. Basi tuwatazame hao vinara, maana baadhi yao wana visa.

Kwa ukongwe, taji ni la Hello Dolly. WordPress, iliyozinduliwa na Matt Mullenweg na Mike Little mwaka 2003, ilianza kupokea plagini katika toleo la 1.2 la Mei 2004, na hii ya Mullenweg mwenyewe ndiyo ikawa ya kwanza. Kazi yake ni kuonyesha mstari mmoja wa wimbo alioimba Louis Armstrong, pale juu ya ukurasa wa msimamizi. Kwisha. Haiuzi, haizuii mwizi. Ifute leo, hutapungukiwa na kitu.

Kwa wingi wa watumiaji hakuna mshindi mmoja, kwa sababu hazina hiyo ikifika juu kabisa huandika tu “zaidi ya milioni 10”. Waliofika huko ni pamoja na Yoast SEO, ya kuzisaidia kurasa kuonekana kwenye Google, na Contact Form 7, fomu ya mawasiliano iliyoanzishwa na Takayuki Miyoshi wa Japani mwaka 2007. Fomu hii ni nyepesi na ya bure, ila ina tabia ambayo wengi huigundua wakiwa wameshachelewa: haihifadhi ujumbe popote. Huutuma kwa barua pepe, basi. Seva ikishindwa kutuma, oda ya mteja imepotea na wewe huna habari. Mtunzi wake alitengeneza plagini nyingine, Flamingo, ya kuhifadhi ujumbe huo. Ukiweka ya kwanza, weka na ya pili.

Ya ajabu kuliko zote ni Classic Editor. Mamilioni ya tovuti ziliisakinisha ili kuondoa kitu, si kuongeza: kihariri kipya kilichokuja na toleo la 5.0, Desemba 2018. Sijui sanduku gani la maoni lingesema wazi kuliko hivyo.

Katika maduka, WooCommerce haina mpinzani ndani ya WordPress. Ilitoka mwaka 2011, pale kampuni ya WooThemes ilipochukua msimbo huria wa plagini nyingine, Jigoshop, na kuajiri wawili wa watengenezaji wake; mwaka 2015 Automattic, kampuni ya Mullenweg, ikainunua. Ni ya bure, lakini ada ya usafirishaji inayobadilika, malipo ya kujirudia kila mwezi na mengineyo mara nyingi ni nyongeza za kulipia. Piga hesabu ya nyongeza hizo kabla hujasema umepata duka la bure.

Iliyogombewa zaidi ni Advanced Custom Fields, iliyokuwa mikononi mwa kampuni ya WP Engine. Oktoba 2024, katikati ya mvutano kati ya kampuni hiyo na Mullenweg, WordPress.org iliitwaa nafasi yake kwenye hazina na kuibadilisha jina kuwa Secure Custom Fields. Watu walibofya sasisho la kawaida wakajikuta na plagini ya mmiliki mwingine. Desemba mahakama ya Marekani iliamuru irudishwe.

Kwa hatari, ushindani ni mkali. Mwaka 2020 WP File Manager, iliyokuwa kwenye tovuti zaidi ya 700,000, iliwafungulia wadukuzi mlango kwa sababu ya faili la mfano lililosahaulika ndani yake. Lakini mimi taji nawapa Really Simple Security. Novemba 2024 ilibainika kuwa mtu angeweza kuingia kama msimamizi bila nenosiri, kwenye tovuti zilizowasha uthibitisho wa hatua mbili. Yaani kufuli la ziada ndilo lililokuwa bovu! Plagini hiyo ilikuwa kwenye tovuti zaidi ya milioni 4, na ukali wa kasoro ulipewa alama 9.8 kati ya 10. Ilirekebishwa haraka, na hilo ni la kuwasifu.

Iliyosaliti watu kwa makusudi ni Display Widgets. Mwaka 2017 iliuzwa, ikiwa na watumiaji kama 200,000, na mmiliki mpya akapenyeza msimbo wa kuchapisha matangazo taka. Mwenye tovuti akiwa ameingia kwa akaunti yake hakuyaona. Waliyaona wageni tu. Iliondolewa kwenye hazina mara nne mwaka huohuo. Ndiyo maana, kabla ya idadi ya watumiaji, mimi nasoma tarehe ya sasisho la mwisho na jina la mtengenezaji, na jina likibadilika nauliza kulikoni.

Na huku kwetu? WooCommerce ikitoka kiwandani inapokea hundi, malipo ya benki na pesa taslimu wakati wa kufikishiwa mzigo. Hundi ipo, M-Pesa haipo. Kwa hiyo plagini inayobeba uzito mkubwa kwenye duka la Nairobi au Dar es Salaam ni ile ya malipo ya simu, na hiyo huwezi kuipima kwa nyota za tathmini. Mteja akiweka namba ya siri, jibu la mtandao wa simu lazima lifike kwenye seva yako. Lisipofika, pesa imetoka na oda bado inasomeka haijalipwa. Hakikisha pia plagini yako ya kashe haihifadhi kurasa za kikapu na za malipo. Kisha lipa kiasi kidogo kwa simu yako mwenyewe na utazame oda. Isipobadilika kuwa imelipwa, usifungue duka.