Kutoka Mwiko hadi Kalamu

Tuseme askari amestaafu na kurejea kwake Oli, mjini Arua. Ana nyumba ya matofali ya kuchoma, na kiinua mgongo mkononi. Anamwita mwashi aliyeijenga na kumwuliza: "Fundi, nyumba hii itabeba ghorofa?" Mwashi anazitazama kuta zake. Zimenyooka, timazi ni shahidi. Lakini swali hilo halijibiwi kwa timazi.

Hapo ndipo penye mpaka baina ya kujenga nyumba na kusanifu muundo wake. Mwashi hujua kuusimamisha ukuta. Msanifu hupaswa kukadiria uzito utakaoulemea, na kama udongo chini ya msingi utaustahimili.

Chukua boriti ya zege iliyoegemea kuta mbili. Nafasi kati ya kuta hizo ikiongezwa mara mbili, na mzigo wa kila mita ukibaki uleule, nguvu ya kuipinda boriti huongezeka mara nne. Nondo kuu za boriti hiyo hulazwa upande wa chini, kwa kuwa ndiko zege linakovutwa. Lakini katika roshani iliyochomoza nje bila nguzo, mvuto huwa juu, na nondo kuu hupaswa kuwa juu. Fundi akizilaza chini kwa mazoea tu, roshani yaweza kuanguka pamoja na watoto wachezao juu yake.

Tena ardhi yenyewe si tulivu. Tarehe 20 Mei 1990 tetemeko lenye ukubwa wa zaidi ya 7 lilipiga karibu na Juba, kaskazini ya West Nile.

Je, mwashi aweza kuvuka mpaka huo? Aweza, ila njia ni ndefu. Mafundi waliojifunza kazini hupimwa na kupewa cheti cha ufundi. Cheti hicho hakimfanyi kuwa mhandisi. Hana budi kurudi kwenye hesabu na fizikia, asome stashahada katika chuo cha ufundi, kama kile cha Lira, kisha shahada Kyambogo au Makerere. Baadaye hufanya kazi chini ya wahandisi kabla ya kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi.

Katika miaka hiyo mapato ya nyumbani hupungua. Basi mume na mke na wapange pamoja karo na chakula, na likizo zitumike kujengea watu.

Wala miaka ya mwiko haipotei. Aliyewahi kumwaga zege hajachora nondo zilizosongamana hata kokoto zisipite.

Mpaka siku hiyo, jibu la heshima kwa askari wetu ni moja: "Mzee, sijui. Tumwite mhandisi aupime msingi, tupate na kibali cha kujenga kama Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013 inavyotaka." Fundi asemaye hivyo amekwisha kuanza safari.