Sura ya Sita: Kulipa Deni Baada ya Samansi

Mama muuza vitenge wa Base Camp, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, amechukua mzigo wa shilingi 900,000 kwa mkopo kutoka duka moja la Makenke, upande wa Mbarara unaotokea barabara ya Masaka. Biashara imelala, wateja wake wanangoja mavuno ya maharage, naye ameacha kupokea simu za mwenye duka. Kisha analetewa karatasi ya Kiingereza. Hata kabla ya kumtafuta wa kumsomea, aangalie vitu viwili: muhuri wa mahakama na namba ya kesi.

Visipokuwapo, hiyo huwa ni barua ya madai tu. Kanuni za Uganda za madai madogo, za mwaka 2011, zinamtaka mdai adai kwanza kwa maandishi na kumpa mdaiwa siku 14. Katika siku hizo mapatano huwa rahisi kuliko wakati mwingine wowote, maana mwenye duka bado hajaingia gharama za kesi. Vikiwapo, hiyo ni samansi, yaani wito wa mahakama: kesi imeshafunguliwa, na siku za kujibu zimeandikwa humohumo. Zihesabiwe tangu siku karatasi ilipopokelewa, na siku hiyo iandikwe papo hapo.

Utaratibu wa madai madogo unahusu madeni yasiyozidi shilingi milioni 10. Mdai na mdaiwa husimama wenyewe mbele ya hakimu, bila mawakili. Nakivale iko wilaya ya Isingiro, lakini deni lililofanyika Mbarara linaweza kudaiwa Mbarara, kwa hiyo asikisie: asome jina la mahakama juu ya karatasi. Kama Kiingereza hakipandi, amweleze karani mapema kwamba anahitaji mkalimani.

Sasa tufike kwenye jambo linaloumiza watu wengi. Mdaiwa akishaona samansi hushtuka, hukusanya 400,000, humtumia mwenye duka kwa simu, na wawili hao wanaelewana kwa mdomo kwamba zilizobaki zitakuja polepole. Tarehe ya kesi inafika, yeye yuko shambani, moyo umetulia. Mahakama haina habari ya maelewano yao. Inaona jalada lenye dai la 900,000 na kiti kitupu, na inaweza kutoa hukumu ya upande mmoja. Kumlipa mdai hakufungi kesi. Kinachoifunga ni karatasi iliyofika mahakamani.

Kwa hiyo maelewano yaandikwe: namba ya kesi, kiasi kilicholipwa, kiasi kilichobaki, tarehe za kulipa, na iwapo gharama za kesi zimo ndani yake. Wote wawili watie sahihi, kisha wayapeleke kwa hakimu yaingizwe kwenye jalada, na mdaiwa abaki na nakala yenye muhuri. Awamu zifuate mapato yake halisi. Anayepata faida ya 80,000 kwa mwezi akiahidi 300,000 anajitengenezea kesi ya pili, na safari hii mdai atakuwa na sahihi yake mkononi.

Ushahidi wa malipo nao una mtego wake Nakivale. Wakimbizi wengi wametumia laini za simu zilizosajiliwa kwa majina ya watu wengine. Meseji ya malipo itaonyesha kiasi, tarehe na namba ya muamala, lakini jina la aliyetuma si la mdaiwa. Meseji isifutwe, na bado mwenye duka aandike risiti inayomtaja mdaiwa mwenyewe na deni linalolipwa.

Mdai akitishia polisi, ijulikane kwamba kushindwa kulipa deni ni shauri la madai, si jinai, isipokuwa kama kulikuwa na udanganyifu. Lakini asidharau: anayepuuza hukumu anaweza kufungwa gereza la madai hadi miezi 6, na dalali wa mahakama anaweza kutumwa kukamata mali. Sheria ya Mwenendo wa Madai inamzuia dalali huyo kuchukua nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa, mwenzi wake na watoto. Vifaa vya fundi vimekingwa pia, na vilevile zana na mbegu anazohitaji mkulima ili aishi kwa kilimo chake. Vitenge vya kuuza havimo katika orodha hiyo.